Mwaka Mzima Aliniita "Auntie"

Kwa miezi kumi na moja nilimtetea mzee yule kila mahali. Wenzangu walipokusanyika kwenye chumba cha mafunzo na kuanza kulalamikia wateja wao, huyu anatupa kijiko, yule hataki kuguswa na mtu mweusi, mimi nilisema wangu ana adabu. "Wangu Mmarekani," niliwaambia, "na ananiita Auntie." Nililisema kwa kujidai. Nikikumbuka sasa nasikia uso unanichoma.

Mimi ni kea, mtunzaji wa wazee majumbani mwao. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga, nikafundisha Kiswahili miaka kumi na minne, mpaka nilipomfuata mume wangu London. Cheti changu cha ualimu kiko ndani ya bahasha, chini ya nguo za baridi, nyumbani kwetu Ilford. Hapa hakuna aliyewahi kuniomba nikionyeshe. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili nilipanda treni ya Elizabeth line mpaka katikati ya jiji, nikachukua basi la kwenda kaskazini, na saa mbili na nusu nilikuwa nimeshafungua mlango wa mzee kwa ufunguo niliopewa na ofisi. Nilimsaidia kuoga, nikamvisha zile soksi za kubana miguu ambazo zinaumiza vidole vya anayevisha kuliko miguu ya anayevishwa, nikampa dawa, nikampikia uji wa shayiri. Saa moja na nusu, kisha nikaondoka kwenda kwa mteja mwingine.

Alikuwa na miaka themanini na kitu. Alizaliwa Georgia, kusini mwa Marekani, akaja London akiwa kijana kufundisha chuo kikuu, akaoa Mwingereza, akabaki. Mke alishafariki na hawakujaliwa watoto. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, hivyo aliona vitu kwa pembeni tu. Akitaka kukutazama ilibidi ageuze uso upande mwingine, na mgeni angedhani anamdharau.

Kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa kukusanya maneno. Misemo ya Kimarekani, maneno ya mitaani, majina ya utani, na kila moja limetoka wapi. Hakuwa na kompyuta. Sebuleni kwake lilisimama kabati la mbao lenye droo ndogo ndogo, la aina iliyokuwa ikitumika maktaba zamani, kutoka A mpaka Z, na ndani ya kila droo kadi zimesongamana. Kila kadi ilikuwa na neno juu kwa herufi kubwa. Chini yake aliandika limeanzia wapi, nani alilitumia kumwambia nani, na mifano ya mahali alipolisikia au kulisoma. Kadi isiyoongezwa mifano mipya, alikuwa akisema, imekufa. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, wa mtu aliyechapwa kwa ajili ya mwandiko.

Kwa kuwa hakuweza tena kuzisoma, nikawa namsomea mimi. Baada ya uji zilikuwa zinabaki dakika kama kumi na tano. Angeniambia, "Auntie, leo droo ya O," nami ningevuta kadi na kusoma kwa sauti, na yeye angefumba macho na kusahihisha matamshi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba "okay", neno ambalo hata bibi yangu asiyejua Kiingereza alilitumia, lilitokana na mzaha wa waandishi wa magazeti waliokuwa wakikosea herufi makusudi. Mwalimu ndani yangu aliamka. Sikuwa nimeongea na mtu kuhusu maneno tangu niondoke Tanga. Hapa watu waliongea nami kuhusu pampasi, vidonge na saa za basi.

Siku moja nikasoma kadi ya msemo ambao Waingereza ofisini huutumia wakisalitiwa na mkubwa wao. Wanasema "sold me down the river", yaani ameniuza kule mto unakoshukia. Kumbe mto wenyewe ni Mississippi, na waliouzwa ni watumwa, walioondolewa kwenye mashamba ya juu na kupelekwa kusini kwenye pamba, kulikokuwa na mateso zaidi, wakiacha wake na watoto. Nilisita katikati ya kadi. Mimi ni mtu wa pwani. Maneno hayo hayanipiti hivi hivi.

"Endelea, Auntie," akasema. "Inapendeza, sivyo? Watu wanautumia wakinyimwa likizo."

Nami nikaendelea. Nilijiambia kwamba mtu anayejua asili ya maumivu kama haya hawezi kuwa mtu mbaya.

Kuhusu hilo neno Auntie, nieleze lilivyoniingia. Kwetu mtoto wa jirani ananiita anti. Rafiki wa binti yangu ananiita anti. Ukiniita hivyo umeniweka ndani ya nyumba yenu, umesema mimi ni mkubwa na unanihesabia undugu. Wateja wengine waliniita kwa jina langu la kwanza, tena wamelikata katikati kwa sababu eti refu. Mmoja aliniita "darling" kwa sauti ya kumfukuza paka. Huyu, siku ya kwanza kabisa, aliuliza jina langu, akasikiliza, akatabasamu, akasema, "Nitakuita Auntie." Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu. Nilimwambia nimepata mzungu aliyelelewa.

Mwezi wangu wa kumi na moja kwake akateguka nyonga, na hospitali ikamtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuja nyumbani mara moja kwa wiki. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi, Mmarekani pia, mzaliwa wa Chicago. Siku aliyokuja mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani wataongea mambo ya kwao. Alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mzee, anamwelekeza namna ya kuinua mguu, mzee aliponiita kutoka jikoni.

"Auntie! Niletee mto."

Nikaja na mto. Yule mwanamke alikuwa ameacha kuhesabu. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kisigino cha mzee, na alikuwa ananitazama mimi.

Alipomaliza nilimsindikiza mpaka kwenye korido yalipotundikwa makoti. Akauvuta mlango wa sebule ukajifunga nyuma yetu.

"Samahani," akasema, "anakuita vile siku zote?"

"Ndiyo. Anaheshimu sana."

Akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniudhi kabla ya kitu kingine chochote.

"Kwenu ni wapi?"

"Tanzania."

"Kwenu litakuwa neno zuri," akasema. "Kwao siyo."

Akanieleza tumesimama pale, anavaa koti taratibu. Bibi yake alikuwa wa Alabama. Mwanamke wa ndoa ya kanisani, mwenye nyumba yake na watoto saba. Wazungu wa kule hawakumwita mwanamke mweusi Mrs., kwa sababu Mrs. ilikuwa ya wanawake wa kizungu. Akiwa msichana walimwita kwa jina la kwanza au walimwita binti we. Nywele zikianza mvi wakabadilisha, wakamwita Auntie, ili wasionekane watovu wa adabu na huku hawajampa heshima yoyote. Mtoto wa kizungu wa miaka mitano angemwita hivyo. Karani wa benki alimwita bibi yake Auntie, akageuka kwa mteja wa nyuma, kisichana cha kizungu kilichoolewa juzi, akakiita Mrs.

"Huyu si wa aina hiyo," nikasema.

"Ana miaka mingapi? Katokea wapi?"

Nikamwambia.

Akavuta zipu ya koti mpaka shingoni. "Basi anajua," akasema, akatoka.

Nilimchukia yule mwanamke. Nasema kweli. Nilimchukia njia nzima mpaka kituo cha basi, nikamchukia ndani ya basi. Nani alimwuliza? Kwa nini watu wasimwache mtu na kitu chake kidogo? Nilikuwa na neno moja zuri katika mji mzima huu, naye kaja na begi lake la mikanda ya mazoezi kalichukua kaondoka nalo. Nilipofika kwa mteja wa pili nilimvisha sweta nyuma mbele.

Jioni nilimsimulia binti yangu, ambaye alizaliwa hapa na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Ninaongea naye Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ndivyo tunavyoishi. Nilitaka aniambie kwamba yule mwanamke anatia chumvi. Alikuwa anapaka siagi mkate, hakuinua kichwa.

"Mama, kwani huyo mzee si ndiye mwenye kadi zote?" akasema. "Angalia kwenye kadi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipomwacha mwanamke wa Chicago. Kwa sababu nilikumbuka. Droo ya A tulikuwa tumeshaisoma, miezi mingi nyuma, katika wiki zangu za mwanzo. Tulipofika katikati yake mzee aliniambia, "Ruka hapo, Auntie, hakuna la maana, nenda mbele." Nami nikaruka fungu zima la kadi kwa vidole vyangu mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilifanya kazi yote. Nilimwogesha, nikahakikisha maji si ya moto, nikamvisha soksi, nikampa vidonge, nikapika uji na kuuweka mbele yake. Kisha nikasimama kabatini.

"Leo droo gani?" akauliza.

"A."

"A tulishasoma."

"Hatukuisoma yote, Profesa."

Nikaivuta. Sikutafuta sana, zimepangwa vizuri. Kadi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na mwandiko ulikuwa wa ujana wake, umenyooka kuliko wa kadi nyingine. Juu, kwa herufi kubwa, lilikuwepo neno langu.

Nikalisoma kwa sauti ileile niliyosomea kadi zote. Kwamba ni la majimbo ya kusini. Kwamba mzungu wa umri wowote humwita hivyo mwanamke mweusi mtu mzima. Kwamba hutumika kukwepa kumpa Mrs. Kwamba halina maana ya undugu. Chini kulikuwa na mifano mitatu. Wa kwanza aliusikia dukani. Wa pili aliusikia barabarani. Wa tatu ulikuwa umeandikwa hivi: nyumbani kwetu, mama kwa mpishi; mimi pia, mpaka nilipoondoka.

Aliweka kijiko chini.

"Ni kadi ya zamani sana," akasema.

"Umeiandika wewe?"

"Nimeandika maelfu ya kadi."

"Nimekuuliza hii."

Aligeuza uso kando ili anione. "Mimi sikulitumia kwa maana hiyo. Kwangu ni neno la mapenzi. Yule mpishi nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Akataja jina moja, la kwanza.

"La ukoo?"

Midomo yake ikacheza. Nilimngoja. Nilimngoja kama nilivyokuwa nikimngoja mwanafunzi ambaye najua hakufanya kazi ya nyumbani, bila kumsaidia. Hakuwa nalo. Mtu aliyejua jina la utani la kila timu, kila barabara na kila noti ya Marekani, hakuwa na jina la ukoo la mwanamke aliyempikia chakula utoto wake wote.

Kulikuwa na kalamu imechomekwa kwenye mshikio wa droo. Nikaichukua, nikaiegemeza kadi juu ya kabati, nikaandika chini ya mfano wa tatu.

"Unaandika nini?"

"Mfano wa nne." Nikamsomea: "London, kaskazini. Mzee kwa kea wake, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Bado linatumika."

"Umeharibu kadi yangu!" Ndiyo mara pekee aliyowahi kunipandishia sauti.

"Umenifundisha mwenyewe kwamba kadi isiyo na mifano mipya imekufa," nikasema. "Kuanzia kesho utaniita Mrs., na jina la ukoo la mume wangu. Silabi zake nne tu. Wewe umeshatamka magumu kuliko hilo."

"Humu ndani hatujawahi kuwekeana itifaki."

"Wewe unaitwa Profesa," nikamwambia. "Imeandikwa ukurasa wa kwanza wa faili lako kwamba mteja anapenda kuitwa Profesa. Miezi kumi na moja nimekuita hivyo. Siku gani nilikosea?"

Nikaosha bakuli, nikaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba amekula nusu ya uji, nikaondoka.

Kabla sijafika kwa mteja wa pili simu ya ofisi ilikuwa imeshalia. Mzee alikuwa amepiga kusema kea wake amebadilika, amekuwa mkali, na kwamba pengine ana matatizo nyumbani. Pengine nina matatizo nyumbani! Nikaitwa ofisini mchana.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kihindi anayeishi Kenton, na wazazi wake walitoka Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, kimejaa lete na weka na wacha, maana alikisikia kwa wazazi wake, na wao walikitumia zaidi kuwaambia watumishi. Ila alikuwa na roho nzuri, na akitaka kutuliza mtu alikitumia.

"Mama, yeye mzee," akaniambia. "Macho hapana. Wacha tu."

"Alipoandika ile kadi hakuwa mzee."

Akahamia Kiingereza. Akasema ni tamaduni zimepishana. Akasema angeweza kunipatia mteja mwingine, karibu na Ilford, nisingehitaji hata treni. Kila neno lake lilikuwa la upole na kila moja lilinizidishia hasira, kwa sababu nilijua litakalofuata. Mimi nitaondoka, atapelekwa mwanamke mwingine mweusi aliyepita umri wa miaka arobaini, na siku ya kwanza mzee atasikiliza jina lake, atatabasamu, na atamwita Auntie.

"Siondoki," nikasema. "Nataka kitu kimoja. Kwenye faili kuna mstari wa mteja anapenda kuitwaje. Wa kea haupo. Uandike."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Andika pembeni."

Bila kuulizwa, akaniambia kwamba baba yake alikuwa na duka huku London, na wateja walimpachika jina la Kiingereza, wakamwandikia hilo hata kwenye kadi za Krismasi. "Baba hakukasirika," akasema.

"Uliwahi kumwuliza?"

Alichukua kalamu. Akaandika pembeni mwa fomu, Mrs. na jina langu la ukoo, kwa herufi kubwa, akatia sahihi yake.

Jumapili ile nilimpigia dada yangu, aliyeko Tanga. Nilikuwa nataka mtu wa kukasirika pamoja nami, kwa lugha yangu, bila mimi kueleza kila kitu kuanzia mwanzo. Nikamsimulia yote, kadi, mpishi, fomu. Alisikiliza vizuri. Kisha akacheka.

"Haya bwana. Na yule dada wetu wa kazi pale Chumbageni, wewe ulikuwa unamwitaje?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Si ulikuwa unamwita dada?" akasema. "Na wewe una miaka thelathini na yeye kumi na sita. Dada, leta maji. Dada, mgeuze mama."

"Hiyo ni tofauti."

"Sawa, tofauti. Jina lake nani?"

Nilikata simu. Nilimwambia baadaye kwamba mtandao ulikuwa mbaya, naye alijua ninadanganya. Yule msichana alikaa kwetu miaka mitatu. Alimuuguza mama yetu mpaka siku ya mwisho. Alimwogesha, akambadilisha shuka, kazi ileile ninayoifanya leo na kujiona nimeonewa. Nililala na swali lile na kuamka nalo, na jina lilinijia siku ya pili, asubuhi, treni ikiwa imesimama Stratford na watu wanasukumana kuingia. Lilikuja jina la kwanza tu. Nilimwandikia dada yangu ujumbe palepale: la baba yake je? Akajibu kwamba hajui, anadhani alirudi kwao Lushoto akaolewa. Nikamwomba aulize. Aliuliza, hakupata.

Naandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yananitia aibu. Ila nisieleweke vibaya. Kosa langu Chumbageni halimpunguzii mzee yule hata nusu ya lake. Mimi sikuwahi kuandika kadi nikieleza ninachokifanya, kisha nikamwambia yule msichana airuke.

Nilirudi kwake Jumatatu na kila siku iliyofuata. Mstari wa pembeni mwa fomu alisomewa kwa simu na msimamizi, na akautii kwa namna yake. Hakuniita Auntie tena mbele yangu. Hakuniita Mrs. pia. Hakuniita chochote. Alisema "maji" akitazama dari. Alisema "hizi soksi zinabana" kama anaziambia soksi zenyewe. Akinihitaji nami niko chumba kingine alikohoa, na mimi niliendelea kukunja taulo mpaka aongee kwa sentensi. Droo hazikufunguliwa. Zile dakika kumi na tano baada ya uji alikaa kwenye kiti chake, nami nilifuta vumbi ambalo halikuwepo. Nililikosa lile kabati. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba katika nyumba ile kulikuwa na kitu ninachokikosa.

Yule mtaalamu wa mazoezi aliendelea kuja mpaka nyonga ilipopona. Siku ya mwisho nilimwomba radhi kwa jinsi nilivyomnunia. Akasema hakuona kununa kokote. Akaniuliza jina langu la ukoo, akalirudia mara mbili, na akaniaga kwa hilo.

Wiki ya saba baada ya ile kadi mzee alianguka bafuni siku ambayo haikuwa zamu yangu. Ikaamuliwa ahamie nyumba ya wazee nje ya London, karibu na mpwa wa marehemu mkewe. Siku ya kuhama mpwa huyo alikuja mwenyewe, mwanamke Mwingereza, mchangamfu, ana maboksi na utepe wa kufungia. Kadi zilikuwa zinakwenda chuo kikuu kimoja kilichoziomba. Aliponiona nimeshika sanduku la nguo alinyoosha mikono yote miwili.

"Ahaa, kumbe wewe ndiye Auntie! Amekusimulia sana kwenye simu. Kila wiki, Auntie hivi, Auntie vile!"

Kila wiki. Hata hizo saba.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni Mrs.," nikataja jina, silabi zote nne, polepole. Niliona shingo yake inaanza kuwa nyekundu. Akasema samahani, akasema hakujua, na kwa kweli hakujua, ila sikumwambia kwamba si neno. Nilikuwa nimeshachoka kuwaambia watu si neno.

Mzee alikuwa kwenye kiti, amevaa koti na kofia, amegeuza uso dirishani. Yaani alikuwa ananitazama mimi. Alisikia yote. Mpwa alipolisogeza gari mlangoni nikampeleka na fremu yake ya kutembelea, nikamkalisha ndani, nikamfunga mkanda. Akanipa mkono.

"Well," akasema. "Goodbye."

Nikashika ule mkono na kungoja. Kulikuwa na nafasi pale baada ya goodbye, nafasi ya neno moja, na sote wawili tuliijua. Mpwa wake aliwasha gari. Hakusema. Nikauachia mkono, nikafunga mlango wa gari, nikarudi ndani kuosha kikombe chake, maana kilikuwa bado kwenye sinki.

Nilipanda basi na hasira yangu, na ninayo mpaka leo. Huamka na kulala, lakini haijaondoka.

Ofisi ikanipa mteja mpya siku ileile, ajuza wa Kiingereza asiyesikia vizuri, anayeishi na mbwa mnene. Asubuhi ya kwanza, kabla sijavua koti, akaniuliza kwa sauti kubwa, "Nikuiteje?"

Nikamwambia jina langu la ukoo, na Mrs. mbele yake. Akakosea. Nikamsahihisha. Akakosea tena, mbwa akabweka, nikamsahihisha tena. Mara ya nne alilipata, akalisema kwa nguvu, nikavua koti nikaanza kazi.